Aristotle akishika pedi: Kanuni za kale za hadithi kwenye mizani ya gemu

Na Mwandishi Wetu

*Tahadhari kwa msomaji: makala haya yanafichua miisho ya gemu kadhaa.*

Daktari amesimama mbele ya kitanda cha upasuaji, mkononi ana kisu kidogo. Nyuma yake amelazwa Ellie, binti wa miaka 14, hana fahamu. Mwili wake umeishinda kuvu inayowageuza watu kuwa kama wanyama wakali, na daktari anaamini kwamba ndani ya ubongo wake imo chanjo ya kuiokoa dunia. Upasuaji wenyewe utamuua.

Mlangoni ameingia Joel, mwanamume aliyefiwa na binti yake miaka 20 iliyopita, ambaye hayuko tayari kumzika wa pili. Ana bunduki.

Hapo gemu ya The Last of Us, iliyotolewa na studio ya Naughty Dog ya Marekani mwaka 2013, inafanya jambo lisilowezekana kwenye televisheni. Inamrudishia mchezaji pedi, kile kifaa cha kuchezea. Anaweza kusimama, akatazama huku na huku, akatafuta njia nyingine. Njia hiyo haipo. Hadithi haisogei mpaka daktari aanguke, na wa kumwangusha ni mchezaji.

Machi 2023, kituo cha HBO kilionyesha tukio hilohilo katika sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza wa tamthilia iliyotokana na gemu hiyo. Mtazamaji alikaa kwenye kochi akamhukumu Joel: amekosea, hajakosea. Mchezaji wa 2013 hakupata nafasi ya kuwa hakimu. Alikuwa mshitakiwa.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha ubishi ambao umewagawa wasomi na watengenezaji wa gemu kwa zaidi ya robo karne. Je, kanuni za utunzi tulizorithi, zile ambazo wanafunzi wetu wa fasihi huzikariri kama mwanzo, mgogoro, kilele na mshuko, zinafaa kwa hadithi ambayo hadhira yenyewe ndiyo inayotenda?

Urithi wa Athens hadi Hollywood

Katika karne ya nne kabla ya Kristo, Aristotle alizichunguza tanzia zilizokuwa zikiigizwa Ugiriki akaandika Poetiki, kijitabu ambacho hakijaacha kusomwa. Hoja yake kuu ni kwamba tanzia huiga tendo, haiigi watu. Kwa hiyo msuko unatangulia, wahusika wanafuata. Msuko mzuri una mwanzo, kati na mwisho, na kila tukio linazaliwa na lililolitangulia.

Mfano alioupenda ni Oedipus, mfalme anayemsaka muuaji hadi anapogundua kwamba muuaji ni yeye mwenyewe. Hapo mambo mawili hutokea kwa pigo moja: hali inageuka, na shujaa anatambua ukweli. Hadhira inashikwa na huruma na hofu.

Waliokuja baadaye walijenga juu ya msingi huo. Mwaka 1863 Mjerumani Gustav Freytag aliuchora msuko kama piramidi: utangulizi, mpando, kilele, mshuko na maafa. Mwaka 1928 Mrusi Vladimir Propp alizichambua ngano 100 hivi za kwao akaona zote zimeundwa kutokana na orodha moja ya matendo 31 yasiyobadili mfuatano: shujaa anaondoka nyumbani, anajaribiwa, anapewa kitu cha ajabu, anapambana na mwovu, anarudi.

Mwaka 1949 Mmarekani Joseph Campbell alitangaza kwamba visasili vya dunia nzima vina safari moja ya shujaa. Katika miaka ya 1980, Christopher Vogler, msomaji wa miswada katika kampuni ya Disney, aliifupisha safari hiyo katika waraka wa kurasa chache. Waraka ukapita mkono kwa mkono hadi ukawa msahafu wa Hollywood.

Gemu zilipoanza kutaka hadithi, zilikuta ghala limejaa. Orodha ya Propp hasa ilizikaa kama nguo ya kushonewa. Mwaka 1981, katika Donkey Kong, sokwe anamteka mwanamke na shujaa anapanda ngazi kumwokoa. Ngano yote imo humo, bila sentensi hata moja ya mazungumzo.

Kambi mbili zakabiliana

Ubishi wa wasomi ulianza pale watu wa fasihi na maigizo walipoitazama kompyuta wakaona jukwaa. Mwaka 1991 Brenda Laurel aliichukua Poetiki ya Aristotle na kuitumia kueleza namna mtu anavyoshirikiana na mashine. Mwaka 1997 Janet Murray, katika kitabu chake Hamlet on the Holodeck, alitabiri kwamba kompyuta ingezaa sanaa mpya ya usimulizi, kama kamera ilivyozaa filamu.

Mwaka huohuo, Mnorwei Espen Aarseth alichapisha Cybertext, kitabu kilichotaka kazi za aina hii zisomwe kwa vigezo vyake zenyewe. Mwaka 2001 alizindua jarida la kitaaluma la Game Studies. Upande wake walisimama Gonzalo Frasca wa Uruguay, Jesper Juul wa Denmark na Markku Eskelinen wa Finland. Waliogopa kwamba idara za fasihi na filamu zingeivamia nyanja mpya na kuitawala kama koloni.

Kwao, gemu ni kanuni, lengo na matokeo. Sataranji haiwi tamu zaidi kwa kuambiwa mfalme na malkia wake walioana vipi.

Hoja yao nzito kuliko zote inahusu wakati. Msimulizi husimulia yaliyokwisha kutokea. Gemu hutokea sasa hivi, kidole kinapobonyeza. Huwezi kusimulia jambo lililokwisha na papo hapo ukamwachia msikilizaji aamue litakavyokuwa.

> Msimulizi husimulia yaliyokwisha kutokea. Gemu hutokea sasa hivi, kidole kinapobonyeza.

Henry Jenkins alijaribu kuwapatanisha mwaka 2004. Alisema mbunifu wa gemu ni msanifu wa majengo kuliko mwandishi wa riwaya: hadithi huitawanya katika nafasi, na mchezaji huiokota chumba baada ya chumba. Wengi waliukubali upatanisho huo, lakini moto haukuzimika. Mwaka 2017 Ian Bogost aliandika katika jarida la The Atlantic kwamba gemu zingekuwa bora zaidi bila hadithi.

Oedipus chini ya bahari

Gemu iliyoupeleka ubishi huu kutoka vyuoni hadi mezani kwa watengenezaji ni BioShock, iliyoongozwa na Ken Levine na kutoka Agosti 2007. Mchezaji anajikuta Rapture, mji uliojengwa chini ya bahari na tajiri Andrew Ryan kwa imani kwamba kila mtu ajali nafsi yake tu. Redioni, sauti ya mtu aitwaye Atlas inamwelekeza: nenda kule, fungua hiki, muue yule.

Anapofika mbele ya Ryan, mchezaji anaambiwa ukweli. Mhusika wake alifinyangwa tangu utotoni kutii kila anaposikia maneno fulani ya kuombwa kwa adabu, na Atlas amekuwa akiyatumia maneno hayo tangu mwanzo. Mgeuko na utambuzi vimekuja kwa pigo moja, kama kwa Oedipus.

Kilichoongezeka ni mlengwa. Oedipus alishituka na hadhira ikamhurumia. Hapa anayeshituka ni mchezaji, kwa sababu alitii muda wote bila kujiuliza. Ndivyo gemu zilivyomzoeza.

Oktoba mwaka huo, Clint Hocking, mbunifu aliyekuwa na studio ya Ubisoft ya Montreal, aliandika uhakiki ambao hadi leo unatajwa kila panapojadiliwa utunzi wa gemu. Alisema BioShock inampa mchezaji mikataba miwili inayogombana. Katika uchezaji, anaweza kuishi kwa falsafa ya ubinafsi: akiwakuta mabinti wadogo wenye nguvu anazozihitaji, anaruhusiwa kuwamaliza ajinufaishe. Katika hadithi hana hiari. Lazima amsaidie Atlas, apende asipende.

Kwa Hocking, mgongano huo ulimfanya mchezaji aone kwamba amedhihakiwa kwa kuiamini hadithi. Tangu hapo, swali la kwanza analoulizwa mwandishi wa gemu ni hili: mikono inasema lile linalosemwa na mdomo?

Mtoto amepotea, tucheze karata kwanza

Kuna mahali kanuni za kale hukwama kabisa. Aristotle aliulaumu msuko wa vituko visivyozaana, na alitaka hadithi iwe na urefu unaoweza kushikwa na kumbukumbu. Gemu kubwa ya leo huweza kuchukua saa 50 au zaidi, na mchezaji ameachiwa nchi nzima azurure apendavyo.

Katika The Witcher 3, iliyotengenezwa Poland mwaka 2015 kutokana na vitabu vya Andrzej Sapkowski, Geralt anamtafuta Ciri, binti aliyemlea, ambaye anawindwa na jeshi la kutisha. Kila mazungumzo yanasema muda unakwisha. Lakini mchezaji akitaka, anaingia kilabuni kucheza karata wiki nzima, na jeshi hilo litamngoja kwa subira. Taharuki, ambayo ndiyo roho ya mpando wa Freytag, inavuja kwa sababu saa iko mikononi mwa hadhira.

Tatizo la pili ni hesabu. Hadithi ikigawanyika mara mbili kwa kila uamuzi, maamuzi 10 tu yanazaa miisho 1,024, na kila mwisho unahitaji kuandikwa, kuigizwa na kuchorwa. Hakuna studio yenye fedha za kazi hiyo. Waandishi hufanya ujanja: njia zinaachana kidogo, kisha zinarudishwa barabarani. Mchezaji akiugundua ujanja huo, anaona ametapeliwa.

Machi 2012, kampuni ya BioWare ilionja hasira hiyo. Mass Effect 3 ilikuwa hitimisho la simulizi iliyoanza mwaka 2007, na maamuzi ya mchezaji yalihamishwa kutoka gemu moja hadi nyingine. Mwishoni, kiumbe mwenye sura ya mtoto ambaye hakuwahi kuonekana kama mhusika anajitokeza, anaeleza kila kitu na kumpa mchezaji uchaguzi. Miisho iliyofuata ilifanana mno, tofauti kubwa ikiwa rangi ya mlipuko.

Wachezaji waliandamana mtandaoni, na Juni mwaka huo kampuni ikatoa bure mwisho uliorefushwa. Wengi waliolalamika pengine hawakuwa wamemsoma Aristotle, lakini kosa walilolitaja ndilo alilolikemea: fundo la hadithi lifunguliwe na msuko wenyewe, si na mungu anayeshushwa jukwaani kwa mashine.

> Wachezaji walikemea kosa lilelile ambalo Aristotle alilikemea.

Tukio hili linafundisha jambo ambalo kambi zote mbili zililipita kwa haraka. Mchezaji akipewa uhuru hapunguzi madai yake kwa msuko. Anayaongeza, maana sasa sababu zimo katika matendo yake mwenyewe.

Nadharia ikipita mikononi

Waliofaulu hawakuzitupa kanuni, wala hawakuzibandika kama vipande vya filamu katikati ya mapigano. Walizigeuza kuwa matendo.

Mwaka 2012 Jenova Chen na studio ya thatgamecompany walitoa Journey, wakiifuata wazi safari ya Campbell. Hakuna neno linalosemwa. Kuna jangwa, mlima wenye mwanga kwa mbali, na mchezaji mwingine asiye na jina ambaye mtandao unawakutanisha. Mlimani theluji na upepo vinapunguza mwendo hadi kidole kinachosukuma mbele kinakuwa hakina kazi. Shujaa anakufa kisha anafufuka, na mchezaji hakusimuliwa hilo, amelipitia.

Mwaka uliofuata, Josef Fares aliongoza Brothers: A Tale of Two Sons huko Sweden. Mkono wa kushoto wa mchezaji humwongoza kaka mkubwa, wa kulia humwongoza mdogo. Mdogo anaogopa maji, na kila penye maji kaka humbeba mgongoni. Kaka anakufa. Mdogo akirudi nyumbani peke yake anakutana na maji, na kitufe chake hakifanyi kazi. Mchezaji akibonyeza kitufe cha marehemu, mtoto anaogelea. Utambuzi wa Aristotle umeandikwa kwa kitufe kimoja.

Undertale ya Toby Fox, ya mwaka 2015, iligusa mazoea yenyewe. Katika gemu nyingi, kila adui anayeuawa humwongezea mchezaji alama, naye hafikirii mara mbili. Fox aliruhusu kila adui asamehewe. Mwishoni mchezaji anahukumiwa, na anaelezwa kwamba alama alizokuwa akizikusanya kwa furaha zilikuwa kipimo cha ukatili wake.

Aliyemfuata Aristotle kwa karibu zaidi ni Michael Mateas, ambaye pamoja na Andrew Stern walitoa Façade mwaka 2005. Mchezaji anaalikwa nyumbani kwa mke na mume ambao ndoa yao inavunjika, na anaandika lolote analotaka kusema. Programu ina ghala la vipande vifupi vya mazungumzo na huchagua kipande kinachofuata ili mvutano uzidi kupanda. Mchezo huisha kwa dakika 20 hivi. Wanandoa wanaweza kupatana, mmoja anaweza kuondoka, au mgeni akatupwa nje kwa kukosa adabu.

Hapo piramidi ya Freytag imebaki, lakini njia ya kuipanda inaamuliwa na mgeni.

Zau, Kalunga na mibuyu

Sisi wa huku tuna sababu ya kuufuatilia mjadala huu. Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, kupitia studio yake ya Surgent na chini ya kampuni ya EA. Gemu hiyo inaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili, jambo ambalo ni adimu kwa kazi ya kiwango hicho.

Salim aliitunga baada ya kumpoteza baba yake. Zau, mganga kijana, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: akimletea mizimu mikuu mitatu, baba yake atarudishiwa uhai. Simulizi hiyo yenyewe imo ndani ya simulizi nyingine, ya kijana Zuberi anayesoma kitabu alichoachiwa na marehemu baba yake.

Kwa juu, ni Campbell mtupu: wito, msaidizi, majaribu, kurudi. Lakini safari ni ya msiba, na shujaa hapati alichokifuata. Anapata uwezo wa kukubali. Njiani Zau huketi chini ya mibuyu kutafakari yaliyomfika, na kutafakari huko humwongezea uhai anapokwenda kupambana. Maombolezo yamegeuzwa tendo lenye faida katika mchezo, na dhamira imekutana na pedi.

Baadhi ya wahakiki walisema mapigano yake yanajirudia mno. Hata lawama hiyo inathibitisha hoja: gemu hii ilisifiwa pale ambapo tendo na huzuni vilikwenda pamoja, na lawama zikaja pale tendo lilipobaki tendo tu.

Hadhira yenye sauti si jambo geni kwetu. Kabla ya Freytag kuchora piramidi yake, fanani wa pwani na bara alikuwa akisimulia mbele ya watu wanaoitikia, wanaoimba kibwagizo na wanaomkatiza kwa maswali, naye akiirefusha au kuifupisha ngano kwa kuwasoma nyuso. Wala Kiswahili cha maandishi hakijafungwa katika msuko ulionyooka. Euphrase Kezilahabi aliuvunja katika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, na wasomaji wakamfuata.

> Fanani alikuwa akiwasimulia watu wanaoitikia, kabla ya Freytag kuchora piramidi yake.

Kinachogombewa

Ubishi huu una gharama. Katika studio nyingi mwandishi huitwa mwishoni, hatua zikishabuniwa na maadui wakishachorwa, aambiwe atafute maneno ya kuviunganisha. Hapo ndipo huzaliwa shujaa anayelia kwa huruma kwenye kipande cha filamu na kuua watu 50 dakika moja baadaye. Fedha zinapotea, na mchezaji anajifunza kuiruka hadithi.

Ukiipima hoja ya kila upande, wanaokataa hadithi wana haki kuhusu usimulizi: gemu ni mahali pabaya pa kusimuliwa. Lakini wamekosea kudhani kwamba Aristotle alikuwa mtu wa usimulizi. Alizungumzia zaidi jukwaa, ambako hakuna anayesimulia na kila mtu anatenda. Tendo alilolitanguliza kuliko mhusika ndilo hasa gemu inalo kwa wingi kuliko sanaa nyingine yoyote.

Kanuni za mfuatano wa sababu, mgeuko, utambuzi na mwisho unaostahili zimesimama imara. Zilizotikisika ni zile za kupanga muda, kwa sababu saa imehamia kwa mchezaji. Hizo hazina budi kubuniwa upya.

Kwa walimu wa fasihi, hii ni nafasi ya kuwaonyesha wanafunzi kwamba msuko na mgogoro si majibu ya mtihani tu. Kwa vijana wanaojifunza kutunga programu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ni onyo: mtafuteni mwandishi siku ya kwanza, msimngoje siku ya mwisho.

Na mwandishi akiitwa, asianze na mazungumzo. Aanze kwa kuorodhesha vitenzi ambavyo mchezaji atavitenda tangu mwanzo hadi mwisho: kupanda, kuficha, kusamehe, kuua, kungoja. Kisha aiweke dhamira yake kando ya orodha hiyo. Vikipingana, hakuna mazungumzo, hata yaandikwe kwa ufundi gani, yatakayoinusuru hadithi hiyo.